PDM tukiipima kama huduma: milioni moja inamfaa nani, na inakwama wapi

Kijijini Uganda ni vigumu kupata mkopo wa bei nafuu kuliko wa PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa). Riba yake ni asilimia 6 kwa mwaka. Ukichukua shilingi milioni moja, riba ya mwaka mzima ni shilingi 60,000. Mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 10 kwa mwezi hukufikisha hapo kabla wiki tatu hazijaisha, tena akiwa ameshika karatasi za kibanja chako. Kwa bei, PDM inawapita wote, na lawama zitakazofuata hapa zisimsahaulishe mtu jambo hilo.

Mpango huu ulizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022. Una nguzo saba: uzalishaji pamoja na uhifadhi, usindikaji na masoko; miundombinu; fedha; huduma za jamii; kubadili fikra; mfumo wa taarifa; na utawala. Ukimuuliza mtu sokoni Busia au Malaba, mpakani na Kenya, PDM ni nini, atakutajia nguzo moja tu, ya fedha. Hakosei sana, kwa sababu ndiyo iliyomfikia. Kila parishi, na nchi ina zaidi ya 10,000, hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia SACCO yake, yaani chama cha akiba na mikopo. Mgao umepangwa: asilimia 30 kwa wanawake, 30 kwa vijana, 20 kwa wanaume wengine, 10 kwa wazee na 10 kwa watu wenye ulemavu.

Sasa piga hesabu. Milioni 100 kwa mkopo wa milioni moja ni kaya 100 kwa mwaka. Parishi yenye kaya 1,000 ina foleni ya miaka kumi, isipokuwa waliotangulia warudishe na pesa izunguke. Pesa inayorudishwa haiendi Kampala, inabaki kwenye SACCO ya parishi na kumfikia jirani anayefuata. Hilo linapaswa kusemwa kwenye kila mkutano wa kijiji, maana bado wako wanaoiita zawadi ya serikali. Mpango wa Entandikwa wa miaka ya 1990 ulikufa kwa dhana hiyohiyo: waliokopa waliona wamepewa, na waliokuwa nyuma yao hawakupata kitu.

Kuhusu kuupata, njia yenyewe haina ugumu ikiwa karatasi zimekaa sawa. Kaya yako lazima iwe imeandikishwa na chifu wa parishi kwenye mfumo wa taarifa za PDM. Kisha unajiunga na kikundi cha watu wanaofanya shughuli moja, wafugaji wa kuku na wafugaji wa kuku, wakulima wa kahawa na wakulima wa kahawa, na kikundi kiwe kimesajiliwa gombolola (ngazi ya utawala juu ya parishi) kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kikundi ndicho mwanachama wa SACCO. Wenzako wanakujadili hadharani, maombi yanapanda kwenye kamati, na ukipita pesa inaingia kwenye simu yako kupitia Wendi, pochi ya simu ya Pearl Bank, iliyokuwa ikiitwa PostBank. Kuipitisha pesa kwenye simu moja kwa moja ni uamuzi mzuri kabisa. Mikono ambayo ingeigusa njiani imepungua.

Kinachokwamisha watu wengi ni kitu kidogo: laini ya simu. Mama anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanawe aliyeko Kampala, au kitambulisho kinasema jina moja na laini inasema lingine kwa tofauti ya herufi moja. Mfumo hauwezi kukisia kuwa ni mtu yuleyule. Kabla hujajaza fomu yoyote, shika kitambulisho cha taifa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Linganisha herufi kwa herufi, kisha hakiki NIN, ile namba ya utambulisho wa taifa yenye tarakimu na herufi 14. Vitambulisho vya kwanza, vya mwaka 2014 na 2015, vilikuwa vya miaka kumi, na NIRA, mamlaka ya vitambulisho, ilianza kazi ya kuvibadilisha kwa wingi Mei 2025. Kama chako ni cha wakati huo, anzia hapo. Kurekebisha laini kwa kampuni ya simu ni kazi ya siku moja ukienda mwenyewe na kitambulisho. Ukisubiri hadi orodha ya SACCO imeshapelekwa, unaweza kupoteza awamu nzima.

Kingine ni "chai". Kuna watu wamekamatwa na kushitakiwa katika wilaya kadhaa kwa kuwakata wanufaika pesa zao. Mkopo wa PDM hauna ada ya kumlipa mtu mkononi. Anayekuomba 50,000 ili jina lako "lisukumwe" anataka ulipe karibu riba ya mwaka mzima kabla hujapata hata shilingi. Peleka habari kwa RDC (mwakilishi wa rais wilayani) au polisi, na uipeleke pamoja na wenzako wa kikundi, maana mtu mmoja akisema peke yake ni rahisi kutishwa.

Tuje kwenye kiini. Milioni moja ni pesa nzuri kwa kazi inayorudisha ndani ya miezi michache, na ni pesa ya hatari kwa kazi inayosubiri miaka. Tofauti hiyo haielezwi vya kutosha, na matokeo yake watu wanachagua shughuli kwa kuangalia jirani amechagua nini.

Chukua kuku wa nyama, ambao ndio wengi hukimbilia. Bei tunazotumia hapa ni za kukadiria, weka za soko lako. Kifaranga shilingi 3,000, chakula shilingi 2,300 kwa kilo. Kuku mmoja hadi wiki sita anakula karibu kilo 3.7. Mtu anasikia "kuku mia moja" na namba inampendeza: vifaranga 300,000, chakula kilo 370, yaani 851,000. Jumla imeshafika 1,151,000 kabla ya makaa, chanjo na maganda ya kahawa ya kutandika. Pesa inakatika katikati ya wiki ya tano, na kuku wa umri huo ndio wanaokula kuliko wakati wowote. Hapo mwenye kuku hana ujanja, anapunguza chakula, uzito unasimama, na mnunuzi anayejua shida yake anampa bei ya huruma. Wengi husema kuku hawalipi, kumbe walianza na kuku thelathini zaidi ya pesa waliyokuwa nayo.

Anza na 70. Vifaranga 210,000, chakula kilo 260 kwa 598,000, jumla 808,000. Zinabaki 192,000. Karibu 140,000 itaenda kwenye chanjo, makaa, maganda na vyombo vya maji, na zilizobaki usiziguse, ni za dharura. Wakibaki hai 67 na kuuzwa 16,000 kila mmoja, unapata 1,072,000, faida ya zaidi kidogo ya laki moja kwa awamu moja. Inaonekana ndogo. Lakini wiki sita za kulea na wiki mbili za kusafisha na kupumzisha banda zinakupa awamu tano au sita kwa mwaka, na awamu tano tu ni karibu mara kumi ya riba unayodaiwa. Tena vyombo vya maji hununui mara ya pili.

Wanaokufa kwa wingi hufa wiki ya kwanza, na chanzo mara nyingi ni baridi. Vifaranga wa siku ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi kama tatu kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame usiku. Wakirundikana karibu na sigiri wana baridi, wakikimbilia ukutani huku midomo wazi wana joto, wakitawanyika na kula wako sawa. Moshi wa makaa ambayo hayajashika vizuri unawaua kimyakimya, kwa hiyo washa sigiri nje, ingiza ikiwa nyekundu, na acha upenyo wa hewa juu ya ukuta. Chanjo ya Newcastle wiki ya kwanza, Gumboro wiki ya pili, na marudio kama daktari wa mifugo wa gombolola atakavyopanga. Chanjo iliyobebwa kwenye boda boda juani bila barafu ni maji tu. Nunua ile uliyoiona ikitolewa kwenye friji, na ubebe chupa ya chai yenye barafu.

Kahawa ni hadithi nyingine, na hapa tunatofautiana na wahamasishaji wengi. Ekari moja ya robusta kwa nafasi ya futi kumi kwa kumi inabeba miche 450. Mashimo ya futi mbili kila upande, samadi, palizi, kivuli, yote hayo yanakula pesa, na mavuno ya kwanza ya maana huja baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu. Kahawa ni zao zuri sana, ila halilingani na mkopo huu likiwa peke yake. Anayeweka milioni yote kwenye miche ataanza kudaiwa wakati miti ndiyo kwanza inatoa maua. Busara ni kutenga sehemu, tuseme miche 100 hadi 150, na kupanda maharage katikati ya mistari kwa miaka miwili ya mwanzo, huku pesa nyingine ikifanya kazi ya kurudi haraka. Na angalia miche. Zile aina za KR zinazostahimili mnyauko, zilizotoka kituo cha utafiti cha Kituza, Mukono, huzalishwa kwa vikonyo au kwa maabara. Ukiuziwa mche uliooteshwa kwa mbegu ukaambiwa ni KR, umedanganywa. Nunua kwenye kitalu kilichothibitishwa hata kama ni mbali. Bunge lilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuhamishia kazi za mamlaka ya kahawa wizara ya kilimo, kwa hiyo anayetafuta ushauri au orodha ya vitalu aanze na afisa kilimo wa gombolola na wilaya.

Kosa jingine la wakati ni mvua. Mashariki msimu wa kwanza unaanza Machi na wa pili karibu Agosti. Pesa ikiingia mwishoni mwa Mei, mahindi yameshapita. Usipande kwa kuchelewa eti kwa kuwa fomu yako inasema mahindi. Omba kikundi na chifu wa parishi wakubali ubadilishe ratiba, nunua mbegu na mbolea, uziweke hadi Agosti. Ikiwezekana zilipie dukani na upewe risiti, maana pesa taslimu ndani ya nyumba yenye watoto wa shule haifiki Agosti.

Tukitoka kwenye nguzo ya fedha, huduma inashuka ghafla. Uhifadhi na masoko, nguzo inayotajwa ya kwanza, ndiyo dhaifu kuliko zote. Parishi nyingi hazina ghala wala turubai za kukausha, na mkopo bila ghala unazalisha mahindi yanayouzwa yakiwa na unyevu, wakati kila mtu anauza. Kwa sisi tunaouza ng'ambo ya mpaka hili limeshatugharimu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua siku chache baadaye kwa masharti. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni.

Mkulima asiye na mashine ana kipimo cha chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia konzi ya mahindi na vijiko vichache vya chumvi iliyokauka vizuri, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita 15, rudisha mahindi juani. Isipoganda, uko karibu lakini hujafika, kwa kuwa 15 si 13.5. Ongeza jua, na kabla ya kupakia tafuta mfanyabiashara mwenye mashine ya kupima. Usianike juu ya udongo kamwe. Vimelea vya kuvu vinaishi humo, na turubai moja bora ni uwekezaji wa maana kuliko gunia la pili la mbolea. Kama kikundi cha watu ishirini kingekubaliana kila mmoja atoe kidogo kwenye milioni yake, turubai nne na kodi ya chumba kimoja kikavu vingepatikana. PDM inawaweka watu kwenye vikundi, lakini haiwafundishi kununua pamoja, na hilo ni pengo la maafisa kuliko la wakulima.

Wanaovuka na mzigo mdogo wajue pia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizomo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 na zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zinapita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa hapohapo mpakani. Cheti hicho hakifuti ukaguzi wa afya ya mimea. Wengi hulipa wapitishaji wa njia za panya wawapitishie gunia kichochoroni, na gunia likikamatwa huko hawana karatasi ya kulidai.

PDM si ya kila mtu, na kuilazimisha ni kujiumiza. Fundi wa kuchomelea, msusi, mwenye mgahawa au dereva wa boda boda atafutiwe Emyooga, mpango wa serikali wa mwaka 2019 unaopitia taasisi yake ya mikopo, Microfinance Support Centre, ambapo SACCO za jimbo zilipewa shilingi milioni 30 kila moja kwa kundi la kazi. Huko unaanza na akiba, na hilo tunalipenda, kwa sababu mwanachama aliyeweka chake hupiga kelele pesa ikichezewa. Mwanamke ambaye biashara yake imeshapita kiwango cha milioni moja aangalie mkopo wa GROW, mradi wa serikali wa kukuza biashara za wanawake, kupitia benki zinazoshiriki: shilingi milioni 4 hadi 200, riba asilimia 10 kwa mwaka. Benki itataka kuona vitabu, na hapo wengi huishia mlangoni.

Vitabu, basi. Sheria ya kodi yenyewe inamlipa anayeandika. Biashara ndogo yenye mauzo ya shilingi milioni 40 kwa mwaka isiyo na kumbukumbu inatozwa 200,000. Yenye kumbukumbu inatozwa 80,000 na asilimia 0.5 ya kilichozidi milioni 30, yaani 130,000. Daftari la shilingi elfu chache limeokoa 70,000, zaidi ya riba ya mwaka mzima ya mkopo wa PDM. Mauzo yasiyofika milioni 10 hayatozwi kodi hiyo. Safu nne zinatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, deni. Andika jioni ileile. Kama kuna pembejeo moja ambayo kila chifu wa parishi angeigawa pamoja na mkopo, ingekuwa daftari hilo, likaguliwe na kikundi kila mwezi.

Kwa upande wa viwanda, anayetaka kuona nguzo ya usindikaji ikijaribiwa kwa ukubwa aende Arapai, Soroti. Kiwanda cha matunda kilichojengwa kwa msaada wa Korea Kusini kupitia shirika lake la misaada, KOICA, na kuendeshwa chini ya shirika la serikali la Uganda Development Corporation kilifunguliwa Aprili 2019, na wakulima wa Teso wana hisa humo kupitia umoja wao. Wazo ni sahihi, maana machungwa ya Teso huiva kwa wingi kwa pamoja na bei hulala. Ila kiwanda kimoja hakimezi mavuno ya eneo zima, na mwenye kupanda michungwa kwa mkopo akitegemea kiwanda pekee anakosea. Kabla ya kupanda, kikundi kiombe kwa maandishi aina ya tunda linalotakiwa, siku za kupokea na siku za kulipa, na kiwe na mnunuzi wa pili wa matunda ya kula.

Tathmini yetu kwa anayesimama kwenye foleni leo ni hii. Chukua PDM kama una shughuli ya miezi miwili hadi sita ambayo umeshaifanya hata kwa kiasi kidogo, na kama mwenzi wako nyumbani anajua kiasi na tarehe ya kulipa. Usiichukue kulipia deni lingine, wala ada ya shule, wala kuanza ufugaji ambao hujawahi kuugusa. Soma tarehe za marejesho kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi, au usomewe na mtu asiye wa kamati. Lipa kwa akaunti ya SACCO pekee na uhifadhi ujumbe wa simu. Anza kulipa kidogo kidogo kuanzia awamu ya kwanza ya mauzo, hata kama muda wa neema, ule wa kabla ya kuanza kudaiwa, haujaisha.

Na SACCO, ambayo ndiyo mlango wa huduma hii, ibandike ukutani kila robo mwaka majina ya waliopewa, kiasi, na kiasi kilichorudi. Karatasi moja, gundi, na mahali ambapo watu hupita wakienda kisimani au sokoni. Parishi inayofanya hivyo haihitaji mkaguzi kutoka wilayani kugundua kaya hewa, majirani wataigundua asubuhi hiyohiyo.